Denis Burkitt: Daktari wa jicho moja aliyefuata ramani ya saratani hadi kwenye virusi

MNAMO 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mmoja mpasuaji aliitwa na mwenzake amtazame mtoto wa kiume wa miaka mitano. Mtoto huyo alikuwa amevimba taya pande zote nne: juu na chini, kulia na kushoto. Meno yake yalikuwa yamelegea na uso wake ulikuwa umepoteza umbo.

Mpasuaji huyo alikuwa Denis Parsons Burkitt, na hakuwa amewahi kukutana na ugonjwa wa namna hiyo. Alimpiga mtoto picha, akaandika maelezo yake, kisha akarejea kwenye shughuli zake nyingi akiwa hana la kumfanyia.

Wiki chache baadaye, Burkitt alikuwa katika hospitali ya Jinja kwa ziara ya kikazi. Alipotupa macho nje kupitia dirishani, alimwona mtoto mwingine ameketi na mamaye kwenye nyasi, uso wake umevimba vilevile. Alipompima, alipapasa uvimbe mwingine tumboni.

Mtoto mmoja angeweza kuhesabiwa kuwa ajabu la nadra. Wawili wenye uvimbe unaofanana, katika miji miwili tofauti, walimlazimu daktari huyo kuuliza maswali. Maswali hayo ndiyo yaliyozaa ugunduzi wa virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu, na ndiyo yaliyofungua njia iliyowafikisha wanasayansi, miaka 65 baadaye, kwenye chanzo kikuu cha maradhi ya mishipa ya fahamu yaitwayo multipo sklerosisi.

Burkitt alifariki 1993, kabla ya kuona mwisho wa safari hiyo.

Jicho lililopotea

Alizaliwa Februari 28, 1911 mjini Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Babake, James Parsons Burkitt, alikuwa mhandisi wa serikali ya wilaya aliyependa mno kuchunguza ndege. Mzee huyo alizoea kuwafunga ndege wadogo wa bustanini kwake pete miguuni ili awatambue mmoja mmoja, kisha akachora ramani ya eneo ambalo kila ndege alilimiliki. Wataalamu wa ndege humkumbuka hadi leo kwa kazi hiyo.

Mwana hakurithi mapenzi ya ndege, lakini jinsi tutakavyoona, alirithi mapenzi ya ramani.

Akiwa na umri wa miaka 11, Denis alijeruhiwa jicho la kulia wavulana walipokuwa wakirushiana mawe. Jicho hilo lilipotea na akawekewa la kioo, ambalo aliishi nalo maisha yake yote.

Alijiunga na Chuo cha Trinity jijini Dublin 1929 kusomea uhandisi kama babake, lakini hakukaa sana kabla ya kuhamia udaktari. Alikuwa Mkristo mwenye imani thabiti, na aliamini kwamba kazi ya kutibu ndiyo aliyoitiwa na Mungu. Alihitimu 1935, na 1938 akapata cheti cha juu cha upasuaji jijini Edinburgh.

Habari za Afrika Mashariki hazikuwa ngeni kwake. Amu yake, Roland Burkitt, alikuwa daktari mpasuaji jijini Nairobi katika enzi za mwanzo za ukoloni, na alijulikana sana mjini humo kwa tiba zake kali.

Hata hivyo, kijana huyo alipoomba kazi katika idara ya tiba ya makoloni wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alikataliwa. Ilionekana kwamba mtu wa jicho moja hangefaa kuwa daktari barani Afrika.

Alijiunga na jeshi la Uingereza 1941 kama daktari, na kazi hiyo ndiyo iliyomleta Kenya na Somaliland. Wakati wa likizo alizuru Uganda, akaipenda. Vita vilipokwisha aliomba tena kazi aliyonyimwa, na mara hii akakubaliwa. Mwaka wa 1946, yeye na mkewe Olive, muuguzi waliyeoana 1943, walifika Uganda na kupelekwa Lira, katika wilaya ya Lango.

Huko Lira ndiko tabia yake ya kuhesabu na kulinganisha ilipojitokeza. Aligundua kwamba wanaume wa mashariki mwa wilaya hiyo waliugua busha kwa wingi, ilhali magharibi ugonjwa huo ulikuwa adimu. Watu walikuwa wale wale na wilaya ile ile. Tofauti ilikuwa mahali. Aliandika matokeo hayo katika jarida la kitabibu, na mnamo 1948 akahamishiwa Mulago.

Ramani badala ya maabara

Baada ya kuwaona watoto wawili wa 1957, Burkitt alianza kupekua rekodi za hospitali na kuwauliza madaktari wenzake. Alitambua kwamba uvimbe wa taya, wa tumbo, wa figo na wa ovari, ambao kila daktari aliuchukulia kuwa ugonjwa mbalimbali, ulikuwa ugonjwa mmoja wenye sura nyingi. Ripoti yake ya kwanza ilichapishwa 1958 katika jarida la wapasuaji la Uingereza, na haikuwashtua wengi.

Ni haki kusema kwamba hakuwa wa kwanza kuwaona watoto hao. Daktari mmishenari Albert Cook, aliyeanzisha Hospitali ya Mengo 1897, aliwahi kuweka kumbukumbu za wagonjwa wa aina hiyo. Aidha, wataalamu wa patholojia wa Mulago walikuwa wameona kwamba saratani za tezi zilikuwa nyingi mno kwa watoto. Mmoja wao, Mmarekani George O'Conor, ndiye aliyeeleza kwa kina, kwa kutumia darubini, kwamba uvimbe huo ni limfoma, yaani saratani ya seli za kinga ya mwili.

Alichoongeza Burkitt ni swali lililoonekana dogo: ugonjwa huu unapatikana wapi, na wapi haupatikani?

Hakuwa na maabara ya utafiti, wala hakuwa mtafiti kwa ajira. Alipewa ruzuku ya pauni 25, akachapisha karatasi zenye picha za watoto wagonjwa na kuzituma kwa posta katika hospitali za serikali na za misheni kote barani. Majibu yalipokuja, alichomeka pini kwenye ramani ya Afrika iliyoning'inia ukutani.

Pini hizo zilifanya ukanda. Zilikatisha Afrika ya kati kutoka magharibi hadi mashariki, nyuzi 10 hadi 15 kaskazini na kusini mwa ikweta, kisha zikateremka kama mkia kwenye pwani hadi Msumbiji. Lakini ndani ya ukanda huo mlikuwa na mapengo ambayo barua hazingeweza kuyaeleza.

Oktoba 7, 1961, Burkitt na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Clifford Nelson, waliondoka Kampala kwa gari kuukuu la Ford. Kwa muda wa wiki 10 walisafiri takriban maili 10,000, wakapitia Tanganyika iliyokuwa ikijiandaa kwa uhuru wake, Nyasaland, Rhodesia na Msumbiji hadi Afrika Kusini. Walizuru zaidi ya hospitali 50. Katika kila hospitali waliwaonyesha madaktari na wauguzi zile picha na kuuliza iwapo wamewahi kumwona mtoto kama huyu. Gharama yote haikufika pauni 700.

Waligundua kwamba karibu na ikweta, ugonjwa ulitoweka panapopita futi 5,000 juu ya usawa wa bahari. Kadiri walivyoelekea kusini, ndivyo mpaka huo ulivyoshuka, hadi ugonjwa ukawa unapatikana nyanda za chini tu. Alexander Haddow, mtaalamu wa virusi huko Entebbe, aliwasaidia kuona kwamba kilichoweka mpaka ni joto wala si mwinuko wenyewe. Ugonjwa ulihitaji mahali pasipo baridi kali na penye mvua ya kutosha.

Kwa Mkenya, ramani hiyo haihitaji maelezo mengi. Watoto wa Nyanza na wa Pwani waliugua. Wa nyanda za juu za kati hawakuugua isipokuwa kwa nadra. Ilikuwa pia ramani ya mbu.

Sanduku lililocheleweshwa na ukungu

Machi 22, 1961, miezi kadhaa kabla ya safari hiyo, Burkitt alikuwa likizoni Uingereza na alialikwa kutoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex jijini London. Waliohudhuria hawakuwa wengi, lakini miongoni mwao alikuwamo mtafiti kijana, Anthony Epstein, aliyekuwa akichunguza virusi vinavyosababisha saratani kwa kuku.

Epstein alipoona kwamba ugonjwa huo hufuata joto na mvua, alishuku mara moja kwamba ndani yake mna virusi. Wawili hao walikubaliana: vipande vya uvimbe kutoka kwa watoto wa Kampala vingesafirishwa kwa ndege hadi London.

Kwa muda wa karibu miaka mitatu, Epstein alitazama vipande hivyo bila kuona kitu. Kisha, Desemba 1963, ndege iliyobeba kipande kimoja ilishindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikaelekezwa Manchester. Sanduku lilipofika maabarani jioni, maji yaliyohifadhi kipande hicho yalikuwa yamechafuka kana kwamba yameingiwa na bakteria.

Badala ya kuyamwaga, Epstein aliweka tone chini ya darubini. Hakukuwa na bakteria. Kulikuwa na seli hai zilizotikisika safarini na kujitenga na uvimbe, zikielea. Seli hizo zilikubali kukuzwa maabarani, jambo ambalo hadi wakati huo lilikuwa limeshindikana. Februari 1964, darubini ya elektroni ilionyesha ndani yake virusi vya jamii ya herpesi ambavyo havikuwa vikijulikana.

Machi 28, 1964, Epstein pamoja na wenzake Bert Achong, mzaliwa wa Trinidad, na Yvonne Barr, mzaliwa wa Ireland, walitangaza ugunduzi huo katika jarida la The Lancet. Virusi vikapewa jina la Epstein-Barr.

Alipokosea, na alipokuwa sahihi

Burkitt alikuwa ameamini kwamba mbu ndiye anayebeba virusi vya saratani hiyo. Hapo alikosea. Virusi vya Epstein-Barr huenea kwa mate, na uchunguzi wa damu ulionyesha kwamba vimeenea kote duniani. Zaidi ya watu wazima 9 kati ya 10 wanavyo, na aliyeambukizwa hubaki navyo maisha yake yote. Wengi hawaugui kamwe.

Swali likageuka. Ikiwa karibu kila mtu ana virusi hivi, mbona saratani iwapate watoto wa ukanda ule pekee?

Jibu lilikuwa kwenye ramani ile ile, ila mbu alikuwa amebeba mzigo mwingine: malaria. Mwaka wa 1969, Burkitt mwenyewe aliachana hadharani na dhana yake ya awali. Alitoa mfano wa Zanzibar, kisiwa chenye joto na mvua ambako malaria ilikuwa imedhibitiwa na ambako uvimbe huo haukuonekana. Mtu aliyejipatia sifa kwa dhana fulani, kisha akaibomoa kwa mikono yake ushahidi ulipobadilika, si wa kupatikana kila siku.

Utafiti uliofuata ulizikutanisha sababu tatu. Katika eneo la West Nile, Uganda, damu ya watoto takriban 42,000 ilikusanywa katika miaka ya 1970. Walioibuka na saratani baadaye walikuwa na dalili za maambukizi mazito ya virusi hivyo miezi mingi kabla ya kuugua. Kwa upande wa malaria, ilibainika kwamba maambukizi ya mara kwa mara hudhoofisha ulinzi wa mwili dhidi ya virusi hivyo na kuzichochea seli za kinga kuzaana kwa wingi. Na katika jeni, wanasayansi walikuta ndani ya seli za uvimbe kwamba kipande cha kromosomu ya 8 kimekatika na kuunganika na nyingine, mara nyingi ya 14. Mwaka wa 1982 ilibainika kwamba kosa hilo huiwasha jeni inayoiamuru seli kuzaana bila kikomo.

Kirusi peke yake, kwa hivyo, hakitoshi. Ni mbegu inayongoja udongo.

Ramani ya pili

Kuna ramani nyingine ya maradhi ambayo madaktari wa Ulaya na Marekani waliichora kwa muda mrefu. Ni ya multipo sklerosisi, ugonjwa ulioelezwa kwa kina na daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot 1868. Kinga ya mwili wa mgonjwa huligeukia ganda linalofunika nyuzi za fahamu katika ubongo na uti wa mgongo. Mgonjwa aweza kupoteza nguvu za miguu, uwezo wa kuona au uthabiti wa mwili, mara nyingi akiwa bado kijana. Karibu watu milioni tatu duniani wanaishi nao.

Ramani hiyo ni kinyume cha ile ya Burkitt. Ugonjwa huo ni adimu karibu na ikweta na huongezeka kadiri mtu anavyoelekea nchi za baridi.

Jeni zina nafasi yake. Zaidi ya sehemu 200 za jeni zinazohusika zimetambuliwa, na kubwa kuliko zote ni ya kundi linaloiongoza kinga ya mwili. Hata hivyo, pacha wa kufanana akiugua, mwenzake huugua katika takriban kisa kimoja tu kati ya vinne. Kwa hivyo kuna jambo jingine linalotoka nje ya mwili.

Januari 2022, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha matokeo ya kufuatilia rekodi na sampuli za damu za wanajeshi wa Marekani zaidi ya milioni 10 kwa kipindi cha miaka 20. Wanajeshi 955 walipatikana na multipo sklerosisi. Ilibainika kwamba hatari ya kuugua iliongezeka mara 32 baada ya mtu kuambukizwa virusi vya Epstein-Barr, na virusi vingine vilivyochunguzwa havikuwa na athari kama hiyo. Mwezi huo huo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba sehemu ya protini ya virusi hivyo hufanana na protini iliyomo katika mfumo wa fahamu, hivyo kinga ya mwili yaweza kuchanganya adui na mwenyeji.

Umri wa kuambukizwa nao una uzito. Mtoto wa Afrika huambukizwa akiwa mchanga. Katika nchi tajiri, wengi huambukizwa wakiwa vijana na baadhi yao huugua homa ya tezi. Na waliowahi kuugua homa hiyo ndio hukabiliwa zaidi na hatari ya multipo sklerosisi.

Ni virusi vile vile, lakini kwa mtoto wa Nyanza mwenye malaria huleta uvimbe wa taya, na kwa kijana wa Ulaya mwenye jeni fulani huleta ugonjwa wa fahamu. Swali la Burkitt, la ni wapi upo na ni wapi haupo, limezisoma ramani zote mbili.

Mwisho wa safari

Burkitt hakuishia kwenye ramani. Kuanzia 1960 aliwatibu watoto kwa dawa za kemikali, kwa kuwa upasuaji haukufaa na mashine za miale hazikuwapo Kampala. Baadhi yao walipona baada ya dozi chache, wakati ambapo wengi duniani hawakuamini kwamba dawa pekee zingeweza kuiponya saratani. Mwaka wa 1967 kituo cha kutibu limfoma kilifunguliwa Mulago, na ndicho kilichokua kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Aliondoka Uganda 1966. Akiwa Uingereza alishughulikia jambo jingine lililotokana na yale aliyoyaona Afrika: kwamba wanavijiji waliokula vyakula vyenye makapi mengi hawakuugua maradhi mengi ya utumbo yaliyowasumbua Wazungu. Kitabu chake cha 1979 kuhusu umuhimu wa makapi katika chakula kiliuzwa sana, na wengi Ulaya walimjua kwa hilo kuliko kwa saratani. Alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society 1972.

Alifariki mjini Gloucester, Uingereza, Machi 23, 1993, akiwa na umri wa miaka 82. Epstein alifuata Februari 2024, akiwa na miaka 102. Kufikia mwaka huo hapakuwa na chanjo iliyoidhinishwa dhidi ya virusi vinavyobeba jina lake, ijapokuwa majaribio kwa binadamu yalikuwa yameanza.

Katika mataifa tajiri, takriban watoto 9 kati ya 10 wenye limfoma ya Burkitt hupona. Katika ukanda uleule alioutia pini, ambako ugonjwa ni mwingi zaidi, wanaopona ni wachache kuliko hapo, kwa sababu wengi hufika hospitalini wakiwa wamechelewa, au dawa hazipatikani, au wazazi huishiwa na nauli kabla ya matibabu kukamilika.

Majina ya watafiti yamehifadhiwa vitabuni. Watoto waliotoa vipande vya miili yao, ambao bila wao virusi hivyo visingejulikana wala chanzo cha multipo sklerosisi kisingefikiwa, wengi walizikwa bila ya dunia kuwajua. Deni la sayansi kwa watoto hao litalipwa siku ambayo mtoto mwenye taya lililovimba, awe Kisumu, Kilifi au Lira, atakuwa na nafasi ya kupona sawa na ya mwenzake wa London.